Shinyanga ilipoacha kuhesabu miche

Picha ya upandaji miti haibadiliki. Kiongozi amechutama, viatu vyake havijazoea shamba, mkononi ana mche wenye majani matatu. Nyuma yake wanafunzi wamejipanga na madumu ya maji. Kesho yake magazeti yanatoa idadi. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 ilitenga siku nzima ya mapumziko ili wananchi washike majembe. Huku Tanzania halmashauri nazo hupangiwa shabaha za mwaka, na taarifa hupanda ngazi kutoka kata hadi mkoa zikiwa zimejaa tarakimu. Mpiga picha harudi mwaka unaofuata kuutazama ule mche.

Kupanda miti ni jambo jema, wala sisemi watu waache. Ninachotilia shaka ni lile swali linalotangulia jembe. Ukiuliza “tupande miti mingapi?”, umeshakubali bila kujua kwamba ardhi ni tupu, kwamba mti lazima utoke kwenye kitalu, na kwamba anayejua ni bwana miti na asiyejua ni mwenye shamba. Hayo matatu yote yanaweza kuwa si kweli. Mkoa wa Shinyanga ulilipia kosa hilo kwa miaka mingi, kisha ukatoka ndani yake kwa namna ambayo watafiti wa nchi za mbali walifunga safari kuja kuitazama. Sisi wenyewe hatuisimulii sana.

Miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa imepewa jina baya: jangwa la Tanzania. Jina hilo hunasibishwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe, na aliyepita huko wakati wa kiangazi asingebisha. Mvua za Shinyanga ni milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nazo hunyesha kwa kujikusanya miezi michache. Muda uliobaki jua linatawala. Juu ya ardhi hiyo waliishi Wasukuma na ng’ombe wao wengi, mashamba ya pamba yaliyopanuka mwaka hadi mwaka, na wanawake waliotoka alfajiri kutafuta kuni na kurudi jua limekwisha kuwa kali. Upepo ulibeba udongo. Makorongo yakachimbika mahali ambapo wazee walikumbuka vichaka.

Hivyo vichaka havikuondoka vyenyewe. Hapa ndipo hadithi inaponinogea, kwa sababu jangwa la Shinyanga lilikuwa jibu la swali la zamani. Enzi ya ukoloni wa Waingereza, Shinyanga ilikuwa makao ya idara ya utafiti wa mbung’o katika Tanganyika, chini ya Charles Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung’o hueneza nagana kwa ng’ombe na malale kwa binadamu, na hukaa kwenye kivuli cha vichaka. Swali lililowekwa mezani lilikuwa “mbung’o anakaa wapi?”, na jibu likawa shoka. Kuanzia miaka ya 1920 watu walikusanywa kwa maelfu kufyeka, na kazi hiyo iliendelea kwa awamu hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Mbung’o walirudi nyuma kweli, ng’ombe wakaongezeka, mashamba yakapatikana. Kwa kipimo cha swali lile, kazi ilifanikiwa.

John Ford, mwanasayansi aliyeanzia kazi katika idara hiyo hiyo, alikuja kuandika mwaka 1971 kitabu kizito juu ya malale na nagana katika mazingira ya Afrika. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba Waafrika walikuwa na njia zao za kuishi na mbung’o kabla ya wakoloni: namna ya kupanga makazi, mashamba, moto na malisho ili mdudu abaki upande wake. Wataalamu walipofika walikuta mfumo uliokwisha kuvurugwa na vita, njaa na sotoka ya mwishoni mwa karne ya 19, wakadhani ndivyo Afrika ilivyokuwa siku zote. Ford hakuandika kuhusu Shinyanga peke yake, lakini mtu akisoma maneno yake huku akiijua Shinyanga hawezi kutulia.

Uhuru ulipokuja, mambo mengine yaliongezeka. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kuwaweka pamoja. Shule na zahanati zilikuwa na maana yake. Ila mtu alipohama aliacha nyuma eneo la malisho ambalo babu yake alilitunza, na alipohamia hakuwa na lake. Kile kilichoachwa kilikuwa mali ya wote, na upesi kikawa si mali ya yeyote.

Miche mbele ya mchwa

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1986 ilianzishwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, baadaye ikapata msaada wa Norway na ushirikiano wa watafiti wa kilimo mseto kutoka kituo cha kimataifa cha ICRAF kilichoko Nairobi. Mtu anaweza kukisia ilivyoanza: vitalu, viriba, miche ya miti ya kigeni inayokua haraka, mihadhara. Jitihada za kabla yake zilikuwa za mtindo huo huo, nazo hazikuacha msitu wowote wa kujivunia.

Sababu si fumbo. Mche uliotoka kitaluni una mzizi wa urefu wa kiriba chake. Ukiuweka kwenye udongo wa Shinyanga mwezi Desemba, una miezi michache tu ya kufukuzana na maji yanayoshuka chini. Mvua ikikatika mapema, umekufa. Usipokufa kwa kiu, mchwa wanaupenda. Mchwa wakiuacha, mbuzi hauachi. Na hata ukivuka yote hayo, lazima mtu aumwagilie maji ambayo mama wa nyumba ameyafuata kilomita kadhaa. Mwambie mama huyo achague kati ya sufuria na mche wa serikali, utaona jibu.

Kilichobadili mambo kilikuwa ni watu wa HASHI kukaa na wenyeji na kuuliza swali jingine kabisa: hapa zamani mlifanyaje hadi ng’ombe wakafika Desemba wakiwa hai? Jibu lilikuwa na jina, na kila mzee alilijua. Ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Ng’ombe hawaingii. Nyasi zinaota, zinakomaa, zinakaukia pale pale zikiwa zimesimama, na kiangazi kinapokuwa kikali eneo linafunguliwa, mara nyingi kwa sehemu, kwanza kwa ndama, maksai na ng’ombe wanyonge wasioweza kutembea mbali. Ni ghala la majani lisilo na paa. Wasukuma hawakuliweka kwa ajili ya miti. Lakini ardhi ikifungiwa ng’ombe na shoka kwa misimu kadhaa, kile kilichokuwa kinatafunwa kila kinapochungulia kinapata nafasi. Migunga inarudi. Mipingo inarudi. Mizizi ilikuwa chini muda wote.

Ofisi iliwaza miti na mfugaji aliwaza majani ya ng’ombe, na kwa muda mrefu kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye kikwazo. Kwenye taarifa za serikali ng’ombe aliandikwa upande wa uharibifu. Sasa yule yule ng’ombe akawa sababu ya mtu kufunga eneo. Hakuna aliyehitaji kumhubiria Msukuma juu ya faida ya nyasi za mwezi wa Septemba.

Mwaka 1986 ngitili zilizoandikishwa mkoani zilikuwa zimebaki kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalisoma kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji 833. Tofauti kati ya makadirio hayo mawili ni kubwa, na inaonyesha jambo ambalo mtu wa takwimu hatalipenda: ngitili nyingi zilifungwa na familia na vijiji bila kungoja mtu wa ofisi aje na kamba ya kupimia. Kwa macho yangu huo ndio ushahidi mzuri kuliko wote. Mradi unaojua idadi yake hadi tarakimu ya mwisho kwa kawaida ni mradi unaofanywa na wenye mradi.

Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watafiti walioongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walipopima faida, walikadiria kwamba ngitili ilimpa mtu mmoja thamani ya takriban dola 14 za Marekani kwa mwezi, katika nchi ambayo matumizi ya mtu wa kijijini yalikuwa wastani wa dola 8.50. Hizo ni kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa za miti shamba, asali, uyoga, matunda na malisho vikijumlishwa. Waliorodhesha aina 152 za mimea na aina 145 za ndege. Wanawake waliokuwa wakienda mbali kutafuta kuni waliokoa kati ya saa 2 na 6 kwa siku. Kati ya takwimu zote hizo, mimi ningeipeleka hii ya mwisho kwenye meza ya waziri wa fedha.

Kulikuwa na sheria pia, na hazikuwa nyepesi. Aliyekamatwa akichunga ndani ya ngitili iliyofungwa, au akikata mti, alifikishwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, na kutozwa faini iitwayo mchenya. Walinzi walikuwa sungusungu, wale wale walioibuka miaka ya mwanzo ya 1980 kupambana na wezi wa ng’ombe. Serikali za vijiji zikaziweka kanuni hizo katika sheria ndogo, na hivyo uamuzi wa wazee ukapata mhuri. Sungusungu wana historia yenye mikono mizito na sitaki kuipamba. Lakini kwa suala la nani analinda majani usiku, bajeti yoyote ya askari wa misitu ingeshindwa mapema.

Kondoa walimwondoa ng’ombe

Ili kuona swali lina uzito gani, tazama Dodoma. Miaka 13 kabla ya HASHI, mwaka 1973, serikali ilianzisha HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden. Wilaya ya Kondoa mkoani humo ilikuwa imeoza kwa makorongo. Picha za vilima vyekundu vya Irangi za wakati ule zinatisha hadi leo. Hapo tatizo liliandikwa hivi: mifugo imezidi. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Makumi ya maelfu ya ng’ombe, mbuzi, kondoo na punda walitolewa kwa amri.

Na ardhi ilipona. Lazima tuseme ukweli huo, maana wapo wanaopenda kusimulia HADO kama aibu tupu. Nyasi zilirudi, vilima vikavaa kijani, wataalamu wa udongo wakaandika makala nzuri. Ila mtu aliyekuwa na ng’ombe 20 alibaki bila samadi, bila maziwa, bila maksai wa kulimia, bila mahari ya kijana wake. Ilipita takriban miaka kumi kabla ya kuruhusiwa ufugaji wa ndani, ng’ombe wachache wakilishwa zizini. Na wale wanyama walioondolewa hawakuyeyuka. Walikwenda kula mahali pengine.

Kondoa na Shinyanga zote zilikuwa na udongo unaokimbia na ng’ombe wengi. Zote zilikuwa na wafadhili wa Skandinavia na maofisa wenye nia njema. Moja iliuliza namna ya kumtoa mfugaji kwenye picha. Nyingine, baada ya kuzungukazunguka, ilimuuliza mfugaji alikuwa akifanya nini kabla picha haijaharibika. Wataalamu wa HADO hawakuwa wajinga. Walikuwa na haraka, na mwenye haraka huchukua tatizo kama alivyolikuta limeandikwa kwenye jalada.

Chini ya mchanga wa Maradi

Nchini Niger mambo yalikwenda kwa njia inayofanana kiasi cha kushangaza. Tony Rinaudo, mmisionari na mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alikuwa akipanda miti katika eneo la Maradi, na miti yake ikifa. Mwaka 1983 alisimamisha gari kwenye njia ya mchanga ili apunguze upepo wa matairi. Pembeni akaona kichaka ambacho alikuwa amekipita mara nyingi. Safari hii alikisogelea na kutazama majani: halikuwa gugu. Lilikuwa chipukizi la mti uliokatwa, na mashamba yote yalikuwa yamejaa vichaka kama kile. Wakulima walivifyeka kila msimu kabla ya kupanda mtama na uwele, navyo vikachipua tena.

Kisiki chenye mzizi wa zamani kimekwisha kuvuka yote yanayomuua mche. Kinafikia maji ya chini, kina akiba ya chakula mzizini, na chipukizi lake likiachwa linaweza kumpita mtu urefu kwa misimu michache. Kinachotakiwa ni kuchagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, kupogoa mengine, na kuzuia mnyama na panga. Gharama yake ni kisu na uvumilivu.

Mbinu ilikuwa rahisi, lakini wakulima hawakuikubali papo hapo, na hapa ndipo wasimulizi wengi huruka. Chini ya sheria za misitu zilizorithiwa kutoka kwa Wafaransa, mti uliosimama shambani mwako ulikuwa wa serikali. Ukiukata bila kibali, faini. Sasa mtu mwenye akili atauacha ukue ili iweje? Bora aung’oe ungali mdogo, kabla haujawa wa mtu mwingine. Wakati wa njaa ya 1984 wakulima wengi walikubali kuacha machipukizi kwa kubadilishana na chakula cha msaada. Chakula kilipokoma, sehemu kubwa ya miti hiyo ilikatwa. Ilipoanza kueleweka, kwanza kwa maofisa wa misitu kufumba macho na baadaye kwa sheria, kwamba aliyeutunza mti ndiye atakayeuvuna, jambo lilienea kutoka shamba hadi shamba. Wataalamu waliolinganisha picha za angani na za satelaiti, miongoni mwao Chris Reij na Gray Tappan, walikuja kukadiria kwamba hekta kama milioni 5 za kusini mwa Niger zilikuwa zimerudiwa na miti katika muda wa miaka 20 hivi. Rinaudo alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018. Kwa miaka mingi ofisi za mbali hazikuwa na habari, kwa kuwa hapakuwa na kitalu cha kukagua.

Njia hiyo imefika kwetu. Mkoani Dodoma na maeneo jirani inaitwa Kisiki Hai, na inasambazwa na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi. Ukipita mashambani huko unaona vitambaa vimefungwa kwenye vichipukizi ili mwenye jembe la ng’ombe asipite juu yavyo. Ni Dodoma ile ile ya HADO. Safari hii hakuna aliyeambiwa ahamishe ng’ombe wake. Ameambiwa tu atazame kile alichokuwa akikikata.

Ngitili bila karatasi

Msomaji wa Shinyanga, Kishapu au Maswa atakuwa ameshaanza kukunja uso, na ana haki. Ngitili za leo si zile za mwaka 2002. Mradi wa HASHI ulifungwa mwaka 2004. Mkoa wenyewe umegawanywa. Mwaka 2012 sehemu zake zilikwenda kwenye mikoa mipya ya Simiyu na Geita. Watu wameongezeka, mpunga na pamba vinataka ardhi, mkaa una soko lisilolala. Ngitili ya baba ikigawanywa kwa wana sita inakuwa vipande ambavyo hakuna anayeona faida ya kufunga chake wakati jirani amelima. Na tangu mwanzo, mwenye ng’ombe wengi alifaidi zaidi ya asiye na hata mbuzi: ngitili za familia zilikuwa zake, na hata ya kijiji ilipofunguliwa, ng’ombe wa nani waliingia?

Kuna hofu nyingine ya chinichini, ambayo watafiti waliisikia tangu zamani. Watu waliogopa kwamba eneo likishastawi na kupendeza serikali italitamani, italiita hifadhi na kuwatoa. Kwa nchi iliyowahi kuhamisha vijiji vizima, na iliyotoa mifugo Kondoa kwa amri, sioni namna ya kuiita hofu hiyo ujinga.

Kwa hiyo swali lililoiokoa Shinyanga miaka ya 1990, “mlifanyaje zamani?”, limeishiwa nguvu. Zamani hapakuwa na mgawanyo wa namna hii wala bei ya ardhi ya namna hii. Nina wasiwasi na wanaoizungumzia ngitili kama mila ya kuhifadhiwa kwenye makumbusho, na wasiwasi zaidi na wale ambao, wakiona ngitili zimepungua, wanarudi mbio kwenye viriba. Miti haikushindwa kuota. Aliyeshindwa ni mwenye ngitili, ambaye hawezi kuonyesha popote kwamba eneo lake lililofungwa ni matumizi halali ya ardhi sawa na shamba la pamba, na hivyo asiyelima anahesabiwa kuwa hana haja nalo.

Vifaa vya kulirekebisha hilo vipo tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999: mpango wa matumizi bora ya ardhi unaoitaja ngitili kwa jina na mipaka yake, hati ya hakimiliki ya kimila kwa familia inayotaka, na sheria ndogo inayosema nani atapata nini siku eneo la kijiji linapofunguliwa, akiwemo mjane asiye na ng’ombe. Kazi hiyo haihitaji kitalu wala madumu ya maji. Inahitaji mpima ardhi wa wilaya aliyewekewa mafuta kwenye pikipiki, mkutano mkuu wa kijiji uliotimiza akidi, na muhtasari uliosainiwa.